Uzi: Nataka akwariamu ya maji chumvi yenye matumbawe, niko Kigoma. Nianzie wapi?

Mwana_Kibirizi
Wakuu, habari za muda huu. Niko Kigoma mjini, Mwanga, nina nyumba ndogo ya wageni. Pale mapokezi kuna ukuta mzima uko mtupu na nimetamani niweke tangi la samaki wa baharini pamoja na matumbawe, yale laini yanayochezacheza na mkondo. Kioo najua kuna mafundi wa alumini hapahapa. Kinachonisumbua ni maji. Bahari iko Dar, reli ni zaidi ya kilomita 1,200, siwezi kuwa napakia madumu kwenye behewa kila mwezi.

Nimewaza mambo mawili, msinicheke. Kwanza, ziwa liko hapa chini, nichote maji nikoroge chumvi. Pili, chumvi yenyewe Uvinza ipo tele na bei yake haiumi. Wazoefu mnasemaje?

Mgebuka
Wazungu wanaagiza samaki wa Kigoma kwa ndege wawaweke sebuleni kwao, wewe uko Kigoma unataka kuagiza samaki wa Mafia. Aisee. Nimevuta kiti.

Kuhe_Mkavu
Mkuu, hakuna wa kukucheka. Hayo ni maswali ambayo mtu wa bara anatakiwa kuyauliza kabla hajatoa hela, na wengi huyauliza baada.

Nianze na Uvinza. Watu wamechemsha chumvi pale tangu zamani sana, kabla hata misafara ya pembe haijaanza kupita kwenda Ujiji, na kwenye mboga haina mpinzani. Ila chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, basi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kati ya hizo, kama gramu 30 ndizo sodiamu na kloridi. Hizo tano zilizobaki ndizo zenye kazi: salfeti gramu 2.7 hivi, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4, potasiamu karibu sawa na kalsiamu, na bikaboneti kidogo. Tumbawe gumu linajijengea mifupa kwa kalsiamu na kaboneti. Ukiweka chumvi ya Uvinza peke yake, kipimo chako cha ukali wa chumvi kitasoma vizuri kabisa, halafu viumbe watakuwa wanakufa huku kipimo kinakwambia mambo safi.

Ziwa sasa. Hapa ndipo watu hushangaa, maana tumezoea kufikiri maji baridi yote ni matupu. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huchezea kati ya 8.6 na 9.2, juu kuliko ya bahari ambayo iko 8.1 au 8.2. Kaboneti yake inapimwa kwa dKH, na ziwa linasoma kama 17 au 18. Bahari inasoma 7 hivi. Yaani ziwa lina karibu mara mbili na nusu ya bahari kwenye hicho kipengele kimoja. Unga wa chumvi ya akwariamu tayari umewekewa kaboneti yake, uumimine kwenye maji ya ziwa na utavuka 20. Kalsiamu itaganda, maji yatakuwa meupe kama tui, na pampu zitavaa ukoko. Sasa hapo hujatengeneza bahari wala hujabaki na ziwa.

Njia ipo moja ya uhakika: maji yapite kwenye mashine ya RO, ile inayoyasukuma kwenye utando na kuacha madini nyuma, na mwisho wake kuwe na chupa ya resini ya kumalizia madini. Kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka, kisome 0. Halafu ukoroge chumvi maalumu ya akwariamu ya matumbawe, takriban gramu 37 kwa lita, uache pampu izungushe usiku kucha, ndipo upime. Unataka 1.025 au 1.026 kwenye rifraktomita, kile kifaa cha kupimia ukali wa chumvi, joto likiwa nyuzi 25. Kwa tangi la lita 150 hiyo ni kilo tano na nusu za kuanzia. Kila wiki ukibadilisha asilimia 10, ni nusu kilo na ushee. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujaagiza mfuko wa kwanza, maana chumvi hiyo haiuzwi Kigoma.

Mama_Reli
Na hiyo RO si inamwaga maji mengi? Niliwahi kuiona kwenye kiwanda kidogo cha maji ya kunywa, bomba la taka linatiririka muda wote.

Kuhe_Mkavu
Kweli dada. Mashine ndogo za nyumbani hutoa lita moja safi na kumwaga tatu au nne. Hayo ya kumwaga si machafu, yamezidi madini tu; pigia deki, fulia mashuka ya wageni. Kitu kingine, kwa maji ya bomba ya hapa ambayo yanatoka ziwani, ile resini itakwisha haraka kuliko kitabu cha mashine kinavyosema. Ununue ya akiba.

Mama_Reli
Basi si bora maji ya mvua? Masika hapa tunaoga mvua. Au maji ya betri, yale ya kwenye chupa.

Kuhe_Mkavu
Mvua yenyewe haina shida, shida ni bati. Bati limepakwa zinki, na zinki pamoja na shaba ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe hata kwa kiasi ambacho samaki hatakijali. Ukikinga kwenye turubai safi, mvua ikiwa imeshanyesha na kuosha vumbi la hewani, yanafaa. Lakini Juni hadi Septemba utakinga nini?

Maji ya betri yafikirie mara mbili. Kuna maduka ukisema "maji ya betri" unapewa maji yaliyokenekwa, na kuna maduka kwa jina hilohilo unapewa asidi. Sitaki kueleza zaidi.

Mnyamwezi_wa_Ngambo
Nipo Tabora, nafuatilia kwa karibu. Sisi siku hizi bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria. Nayo yana tabia hiyohiyo ya Tanganyika?

Kuhe_Mkavu
La, nyie mmependelewa kwenye hili. Victoria ni maji laini, madini yake ni machache sana ukilinganisha na Tanganyika. Mashine yako ya RO itadumu. Mtu wa Tabora kutengeneza bahari ni rahisi kuliko mtu wa Kigoma anayeliona ziwa dirishani. Wewe angalia klorini tu: chujio la kaboni litangulie kabla ya utando wa RO, maana klorini inauchoma.

Mgebuka
Sasa nirudi kwenye hoja yangu, safari hii bila utani. Ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Wana rangi, wana vituko, na maji yao ni ya bure. Mwana_Kibirizi, wageni wako wanatoka Dar. Bahari wameiacha nyumbani.

Binti_Ujiji
Mgebuka leo kaongea. Mimi nimefuga wa ziwani muda mrefu, nitoe mfano wa samaki watatu tu.

Tropheus duboisi. Akiwa mdogo ni mweusi mwenye nukta nyeupe mwili mzima, kama kanga. Akikua nukta zinapotea, kichwa kinakuwa cha bluu na kiunoni anajifunga mkanda mweupe au wa manjano. Mgeni akirudi baada ya mwaka atakuuliza wale wa mwanzo uliwapeleka wapi.

Lamprologus ocellatus. Kasamaki kadogo, kanaishi ndani ya gamba la konokono. Ukimwekea gamba juu ya mchanga, atalichimbia chini mpaka mdomo wa gamba tu ndio ubaki nje, halafu analilinda kwa ubabe hata dhidi ya mkono wako.

Neolamprologus brichardi. Hawa wanaishi kiukoo. Watoto wa uzao wa kwanza wanabaki nyumbani kulinda wadogo zao.

Na kama unataka ladha ya bahari, ziwa lenyewe lina konyeza wake, wadogo kama sarafu, na kaa, na konokono wenye magamba mazito ya kibaharibahari. Yule mtafiti Moore aliyekuja miaka ya 1890 alivyoviona alidhani ziwa liliwahi kuungana na bahari. Alikosea, ila jina lake limebaki kwa samaki, Tropheus moorii.

Angalizo la chakula: Tropheus ni mla mwani wa kwenye mawe. Ukimlisha vyakula vya nyama kwa wingi tumbo linavimba na anakufa, na akianza mmoja hufuata kundi.

Mwana_Kibirizi
Binti_Ujiji umenichanganya sasa, nilikuja na wazo moja nimekuwa na mawili 😅. Hao wa ziwani nikitaka, nachukua maski natumbukia ziwani pale Katonga?

Binti_Ujiji
Usitumbukie kaka. Anza kwa afisa uvuvi, uulize utaratibu wa samaki wa mapambo na vibali vyake. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo usidhani ni mali ya kujichotea tu wakati wowote.

Na huko pwani ni hivyohivyo, pengine zaidi. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na sehemu kama Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995. Asije binamu yako akakubebea jiwe lenye uhai kwenye ndoo. Nunua kwa mwenye vibali, na uombe karatasi zake.

Kuhe_Mkavu
Niseme kitu kuhusu huu mjadala wa ziwa na bahari, kwa sababu naona unaendeshwa kama Simba na Yanga.

Kinachoua akwariamu ya mtu anayeanza ni kilekile pande zote mbili: amonia. Samaki anatoa taka zake, chakula kinaoza, amonia inapanda. Kuna bakteria wanaoila na kuigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza naitreti ambayo inavumilika. Hao bakteria hawapo kwenye tangi jipya. Inabidi wazaliane kwenye mawe na mchanga, na kwa joto letu huchukua wiki nne hadi sita. Katika muda huo unaweka amonia kidogo ya kupimia, au kipande cha nyama ya kamba wa baharini kioze, na unapima. Siku ambayo amonia ni 0 na naitraiti ni 0, huku naitreti ikionekana, ndiyo siku ya kwenda kutafuta samaki. Wawili, si kumi.

Na kwetu hili ni zito zaidi kwa sababu ya pH. Kwenye maji ya pH 7, amonia iliyo katika hali yake ya sumu haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 ya ziwa inakuwa karibu theluthi moja. Bahari iko katikati, lakini nayo si ya kuchezea. Mtu aliyefuga samaki wa kawaida wa maji laini akabahatika, akija huku na tabia zilezile, tangi litamfunza adabu.

Ndiyo maana kwa maoni yangu Mwana_Kibirizi angeanza na ziwa. Uzuri wa samaki tuuache pembeni. Atajifunza kupima, kusubiri na kuishi na umeme wetu kwa maji ambayo akikosea anachota mengine. Kwenye bahari kila ndoo anayomwaga ni hela ya chumvi. Ajue tu kwamba bakteria wa maji baridi hawahamii kwenye maji chumvi. Akibadili tangi, kipindi cha kusubiri kinaanza upya.

Mnyamwezi_wa_Ngambo
Mimi napinga kidogo. Ukimwambia mtu aanze na kitu asichokipenda, ataacha. Anayetaka bahari aingie bahari, ila achague viumbe vya kuanzia. Nimesoma sana hili jambo ingawa tangi bado. Matumbawe laini yanavumilia: yale ya ngozi, yale ya uyoga, ksenia. Yale magumu yenye matawi membamba yasubiri. Na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hawahitaji anemoni, yule kiumbe wa baharini mwenye minyiri, wanaishi vizuri bila yake. Anemoni ndiye wa kuogopa, anataka tangi lililokomaa, angalau miezi sita na zaidi.

Kuhe_Mkavu
Hapo sina ubishi, na kwa mtu ambaye tangi bado, umesoma vizuri. Niongezee taa: ndani ya nyama ya tumbawe kuna vimwani vidogo vinavyolilisha kwa kutumia mwanga, kwa hiyo taa ya mapambo haitoshi, inatakiwa LED ya matumbawe yenye bluu ya kutosha, iwake kwa jumla ya masaa nane hadi kumi kwa siku. Lakini usiweke tangi palipo na jua la dirishani. Maji yatachemka na mwani utafunika kila kitu.

Na maji yakipungua kwa kuvukiza, ongeza maji ya RO matupu. Chumvi haivukizi. Nimeona watu wanajazia maji chumvi kila siku, mwisho wa mwezi kipimo kiko 1.032 na wanauliza kwa nini tumbawe limejikunja. Boya dogo kama lile la tangi la choo linaweza kukufanyia kazi hiyo lenyewe.

Mama_Reli
Umeme hamjaugusa. Hapo ndipo mradi utakapofia.

Fundi_Vioo
Nimekuwa kimya nasoma. Umeme una jibu hapa Kigoma kuliko sehemu nyingi. Wavuvi wa dagaa waliacha karabai, wanatumia taa za LED na betri za volti 12, wengine na paneli za sola. Vifaa hivyo vimejaa mjini na mafundi wake wapo. Nunua pampu ya kuzungusha maji inayotumia volti 12, iunge kwenye betri, betri iwe inachajiwa na umeme wa kawaida. Umeme ukikatika pampu haijui. Achana na kuwasha taa na hita kwa inveta, samaki hafi kwa giza la usiku mmoja.

Kuhe_Mkavu
Fundi kamaliza. Kinachoua kwanza umeme ukikatika ni oksijeni. Maji yakitembea juu, una muda. Joto la Kigoma halishuki hivyo.

Fundi_Vioo
Kuhusu kioo: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, tumia kioo cha milimita 10 na mikanda ya juu. Hilo ni lita 300 kasoro, na lita ni kilo. Weka mawe, mchanga na kioo chenyewe, unakaribia kilo 400. Meza ya mbao za sofa haitoshi, chomelea stendi ya chuma, ipakwe rangi vizuri maana maji chumvi hayana huruma. Silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Ile dawa inaua samaki. Soma kopo, na kama fundi wako anasema "zote sawa", tafuta fundi mwingine.

Binti_Ujiji
Kabla hujaamua mapokezi, Mwana_Kibirizi, sikiliza hili. Kuna matumbawe laini madogo kama vifungo yanaitwa zoanthidi, wanaoanza wanayapenda sana kwa rangi. Baadhi yana palitoksini, sumu kali mno. Usiyashike mitupu ukiwa na kidonda, vaa glavu na miwani, na kamwe usichemshe jiwe lenye hayo wala kulisugua kwa maji ya moto. Ulaya familia nzima zimewahi kukimbizwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake wakati mtu anasafisha tangi. Mtoto wa mgeni akitumbukiza mkono hapo mapokezi, utasemaje?

Mama_Reli
Na watatumbukiza na sarafu. Watu wakiona maji yenye kioo wanatupa hela, sijui ni kwa nini. Baadhi ya sarafu zina shaba, na Kuhe kasema shaba inaua.

Mwana_Kibirizi
Hilo la sarafu sikuwa nimeliwaza kabisa.

Basi nimeamua hivi. La ukutani mapokezi, lile la 120, liwe la ziwa: mawe, magamba, na hao duboisi wa Binti_Ujiji, nikishapita kwa afisa uvuvi. La baharini liwe la lita 150, likae ofisini kwangu ambako mlango una ufunguo. Chumvi na RO naagiza Dar, zije kwa treni. Kuhe, mawe ya ziwani naweza kutumia kwenye hilo la baharini?

Kuhe_Mkavu
Mengi ya kwetu ni magumu na hayana vitundu, hayataharibu maji ila bakteria watapata nafasi ndogo ya kukaa. Kwenye la ziwa weka hayo hayo. Kwa la baharini nunua mawe makavu yenye vitundu, yanauzwa kwa kazi hiyo, uagize pamoja na chumvi. Agiza pia vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na dKH, na kile kimiminika cha kurekebishia rifraktomita. Usirekebishe kwa maji matupu peke yake, inaweza kukudanganya kwenye ukali wa bahari, gramu 35 kwa lita. Samaki wa baharini usiagize safari hiyo.

Mgebuka
Ziwa limeshinda moja bila.

Mnyamwezi_wa_Ngambo
Sare. Ofisi nayo ina tangi.

Fundi_Vioo
Mwana_Kibirizi, pima ukuta na sakafu ya hapo mapokezi, uniambie kama sakafu ni zege au mbao, nikupigie hesabu ya stendi. Silikoni nitakuonyesha kopo kabla sijafungua.